Nepi Kumi na Taa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Nina kiti! Kiti cha kuzunguka, chenye magurudumu. Nimezunguka mara mbili kabla Madam hajaingia. Mara ya tatu akanikuta. Nikajifanya naokota kalamu.

Kazi yenyewe: kupokea simu za wateja wa intaneti, kuandika malalamiko kwenye daftari kubwa, na kutunza ufunguo wa paa. Kampuni ni ndogo — Madam mwenyewe, fundi mmoja, na sasa mimi. Antena ziko juu ya paa la jengo hili hili tunaloishi. Sisi tuko ghorofa ya pili, ofisi iko ghorofa ya tatu. Intaneti inarushwa hewani bila waya mpaka kwa mteja. Sentensi hiyo nimeikariri. Mtu akiuliza naitoa kama ilivyo, nafunga mdomo.

Majaribio ni wiki mbili. Ijumaa ya tarehe 14 Madam atasema nabaki au naondoka.

Na Kibonge wangu anaruhusiwa kukaa chini ya meza! Miezi kumi na moja, meno manne, mapaja kama mito. Kule nilikokuwa dobi wa hoteli nilikuwa namwacha kwa jirani tangu alfajiri, na mwezi uliopita alimwita jirani mama. Nilicheka mbele yao. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike. Kwa hiyo simu hizi nitazipokea mpaka sikio liote sugu.

Halafu ufunguo wa paa! Jua tupu, upepo, hakuna wa kugombania naye kamba. Chumbani nepi zilikuwa zinachukua siku mbili na zinatoka na harufu ya kuvu. Jioni nimefunga kamba yangu mpya, ncha moja kwenye tangi la maji, nyingine kwenye mlingoti wa antena. Imekaza vizuri sana. Siku njema.

Jumanne, 4 Machi

Nimefua asubuhi, nimeanika, nimeshuka, nimekaa kwenye kiti. Saa nne na robo, simu ya kwanza ya maisha yangu ya ofisini.

Ni Mwalimu wa Kuimba. Ana shule tatu, kubwa yao iko ng'ambo ya barabara kuu, jengo la rangi ya waridi, nikiwa paani naliona. Anafundisha wanafunzi walio mbali kwa video. Akasema yeye akiimba aaaaa, wenzake wanasikia a. A moja tu. Zilizobaki ziko wapi?

Nikaandika kwenye daftari: «A za mteja zimepotea.»

Madam akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.

Mchana akaja fundi. Watu wote wanamwita Desibeli kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, kipimo cha nguvu ya sauti na mawimbi. Asubuhi huzunguka kwa wateja majumbani, ofisini hufika baada ya chakula. Amepanda paani, amekuta kila kitu shwari. Ametundika koti lake kwenye kamba yangu, akatazama juu kutafuta ndege wa kumlaumu. Nilikuwa nimeshaanua.

Jumatano, 5 Machi

Saa nne tena. Mwalimu tena. Leo anasema sura yake inakatika vipande kama kioo kilichoanguka.

Nikamwuliza Desibeli ni kitu gani hasa. Kosa langu! Alivuta kiti akanifundisha nusu saa. Niandike kabla halijatoroka:

Antena yetu haisemi na mteja kwa namna moja. Ina ngazi nane. Hewa ikiwa safi inapanda ya nane — maneno yamebanwa mengi mengi kama nguo kwenye sanduku la bibi arusi. Hewa ikichafuka inashuka. Huko chini inabeba maneno machache, na inaongeza mengine ya kulinda, ili moja likipotea njiani yaliyobaki yaseme lilikuwa lipi. Na kiboksi cha mteja kinajibu muda wote: nakusikia, nakusikia kwa shida, sikusikii. Antena inafuata jibu hilo, kupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya dakika.

«Umenielewa, dada?»

Nikatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo. Hata nusu sijashika. Kibonge naye alitikisa kichwa, pengine yeye ndiye kaelewa.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEELEWA!

Saa saba nilitoka kwenye ngazi za nje kumwita baba Kibonge chakula. Yeye ni fundi wa kuchomea vyuma, karakana yake ipo hapo uani, chini kabisa. Grenda lake, mashine ya kukatia chuma, likizimwa naweza kumweleza kutoka juu habari nzima — nani kapiga simu, Madam kavaa nini, mtoto kala gundi. Yote kwa pumzi moja, na hakosi kitu. Grenda likiwaka siwezi. Nikipeleka habari nzima anashika neno la tatu na la mwisho, kisha anajibu vitu vya ajabu. Juzi nilimwambia Madam kanisifu, akajibu eti «mwambie aje nimwekee bawaba.»

Kwa hiyo grenda likiwaka nafanyaje? Nasema: CHAKULA! Njoo CHAKULA! CHAKULA mezani! Neno moja, limefungwa na mengine yale yale. Naye akisikia ananyanyua kidole gumba, asiposikia anaweka kiganja sikioni. Kidole, napanda. Kiganja, nashuka.

Miaka mitatu ya ndoa nimekuwa antena wala hakuna aliyenilipa!

Nikamwambia Desibeli. Akasema mkufunzi wake chuoni hakuwahi kulieleza vizuri hivyo. Kisha akauliza grenda hilo lina desibeli ngapi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku chungu.

Mwalimu amegundua taa. Kiboksi chake kina vitaa vinane vya kijani, kila kimoja ngazi moja. Saa nne asubuhi leo alihesabu vitatu. «Mimi nililetewa taa nane! Tano mmewapa nani?» Alisema yuko tayari kusubiri wakati naenda kuzichukua.

Madam aliposikia akavimba. Akamwita Desibeli. Akasema kampuni yake haishuki ngazi, kampuni yake inapanda tu. Afunge mitambo kwenye nane, ikae hapo.

«Madam, inashuka ili isikatike.»

«Funga.»

«Madam, ikiwa hewa mbaya na sisi tumeng'ang'ania nane —»

«Baba, nimesema funga.»

Akafunga. Alitoka kama mtu aliyeambiwa anyoe nyusi. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni — ni kama kuniambia nimhadithie baba Kibonge arusi nzima ya dada yangu grenda likiwaka! Lakini nani mimi? Nina siku tano za kazi. Nikameza.

Kisha Madam akanigeukia mimi. «Kabla hujaja huyu Mwalimu alikuwa anapiga mara moja kwa mwezi, kunitakia heri. Umekuja na nini, wewe binti?»

Alicheka. Nusu. Mimi saa ya mapumziko sikupumzika, nikawaza kama nina nuksi.

Jumapili, 9 Machi

Sifui Jumapili. Nimekaa na miguu juu.

Mwalimu ana masomo ya Jumapili, ametuma ujumbe: taa nane tangu asubuhi, hongereni. Madam amenipitishia ujumbe huo na alama kumi za mshangao. Anasema unaona faida ya kufunga?

Kibonge kaokota kitu chini ya kitanda akakimeza kabla sijafika. Sijui ni nini. Tangu saa nane tumbo lake linatoa taarifa kila nusu saa. Ndoo ya nepi imejaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nepi kumi na nne! Kamba nzima, mwanzo mpaka mwisho, nyingine nimezibana mbili mbili. Nilishuka mgongo ukilia.

Saa nne na dakika tano — si malalamiko ya kukatika. Kimya. Intaneti ya Mwalimu imekufa kabisa, wala haichechemei. Ngazi ya nane au hakuna kitu, ikawa hakuna kitu. Mpaka saa saba!

Saa nane Mwalimu akaja mwenyewe, kwa miguu yake, na skafu. Mtu mfupi, lakini alipofungua mdomo madirisha yalijibu. Akaweka simu yake mezani. Mwanafunzi wake mmoja amempigia picha kwenye kioo cha kompyuta: Mwalimu, macho yamefumbwa, mdomo wazi kama mlango wa kanisa. Aliganda hivyo. Dakika arobaini.

«Unajua wanafunzi walifanya nini, dada? Walidhani nimeshikilia noti ya wimbo. Wakapiga makofi! Mmoja analia, anasema hajapata kuona pumzi kama ile!»

Nilijiuma shavu. Nikamtazama Kibonge ili nisimtazame Mwalimu. Kibonge kafungua mdomo vile vile kama picha. Nikaangusha kalamu kwa makusudi nikakaa chini ya meza mpaka nikapona.

Lakini aliyoyasema mwisho hayakuchekesha. Jumamosi hii ana mtihani wa wanafunzi wote, kwa video. Hataki pole. Pole anazo za kutosha, anaweza kufungua duka. Anataka sababu. Ijumaa saa nne tumwambie sababu, na aione kwa macho yake, la sivyo anahama na shule zake zote tatu.

Mwalimu alipotoka, Madam alikaa ukingoni mwa meza yangu. Hakufoka. Ningependa afoke. Alisema Mwalimu akihama, yeye hatahitaji mtu wa kupokea simu, maana simu zitakuwa zake mwenyewe za kuomba kazi.

Jumanne, 11 Machi

Maji hakuna jengo zima. Sijafua hata kitambaa. Kibonge kashinda amefungwa fulana ya baba yake, imeandikwa TAHADHARI MOTO kwa nyuma. Pamoja na tumbo lile, ni maandishi ya kweli.

Na mtandao — safi! Taa nane mchana kutwa. Desibeli jana jioni aliipangusa antena kwa leso, basi leo anatembea kama bwana arusi. Eti ni vumbi. Madam kauliza, una uhakika? Akasema ana uhakika wa desibeli tatu.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Maji yamerudi. Nikafua mlima. Saa nne nikapanda na beseni, simu ya ofisi kwenye mfuko wa aproni, kwa sababu Madam hataki ilie bila mtu. Desibeli ameilegeza ile ngazi kimya kimya, kaniambia mimi tu. Bora ichechemee kuliko ife.

Nikaanika nepi tatu. Simu.

«Dada, Mwalimu hapa. Taa saba.»

Nikasema pole Mwalimu, kibanio mdomoni. Nikaanika mbili.

«Sita, dada.»

«Pole Mwalimu, fundi anashughulikia.» Nikaanika mbili nyingine.

«Nne! Nne, dada! Anashughulikia nini huyo?»

Mbili tena.

«Mbili! Jamani! Zimebaki mbili!»

Nikainua macho kumwomba Mungu uvumilivu. Na mbele yangu, kati ya nepi na nepi, nikaona uso wa antena. Kitu cha duara, kama mfuniko wa sufuria kubwa. Kinatazama moja kwa moja jengo la waridi. Na katikati ya macho yake na jengo la waridi, imelowa, inadondosha maji — nepi ya Kibonge yenye bata.

Nikasimama.

Nikaondoa ile ya bata.

«Tatu!»

Nikaondoa nyingine.

«Nne! Dada, mwambie fundi asiguse kingine, hapo hapo!»

Nikairudisha, ili nijue kama ninaota.

«Tatu. Kwa nini tatu?»

Nikazianua zote. Mwalimu akapiga kelele nane! nane! na akaanza kuimba. Nikakata simu. Nikakaa juu ya beseni lililofunikwa.

Ni mimi. Ni nepi zetu. Siku za nepi nne anapoteza taa chache, siku ya nepi kumi na nne akafa. Jumapili sikufua, jana hapakuwa na maji. Mchana Desibeli akipanda, nimeshaanua! Madam aliniuliza nimekuja na nini. Nimekuja na kamba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeanika chumbani. Kuvu imerudi. Taa nane tangu asubuhi, Mwalimu kapiga mara tatu kusema bado nane, kana kwamba ni homa ya mtoto.

Nilimweleza baba Kibonge. Alizima grenda kwanza. Kisha akacheka mpaka akakalia chuma cha moto, ndipo akanyamaza. Akasema: «Mama Kibonge, si imepona? Anika ndani, kaa kimya, chukua kazi yako. Nani atajua?»

Nilikubali. Nilikubali kabisa mpaka saa tisa.

Saa tisa Desibeli alikuwa ameketi na karatasi, kaandika juu: SABABU. Chini yake: ndege. Jua. Bati jipya la jirani. Mwalimu mwenyewe. Yote kayakata. Madam alisimama mlangoni akamwambia kesho pasipokuwa na sababu, sababu itakuwa ni yeye, uzembe wake, na Mwalimu ataambiwa fundi ameondolewa. Desibeli akasema sawa Madam. Kisha akavua kofia yake akampa Kibonge aitafune, kwa sababu Kibonge alikuwa analia meno. Ile kofia anaipenda. Kaiangalia inavyolowa akasema mtoto huyu ana mate ya ngazi ya nane.

Sasa mimi nifanye nini?

Nikinyamaza, yeye anaondoka. Nikisema, naondoka mimi — dobi, alfajiri, jirani. Na leo Kibonge kasema mama! Wazi kabisa, mbele ya mashahidi! Alikuwa anaiambia stepla. Lakini stepla iko mezani kwangu, tunakaribia.

Nimeandika kikaratasi. Upande mmoja nepi, upande mmoja taa. Hesabu zangu ziliishia mbali kidogo na mlango wa shule, lakini hizi zimekaa zenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne kasoro. Mwalimu kwenye kiti cha wageni, skafu ya sherehe. Madam kavaa sketi nyeupe, ile ya kwendea benki. Desibeli amesimama kama mshtakiwa. Akafungua mdomo — nikamwahi.

«Sababu ninayo mimi.»

Nikaweka mezani nepi ya bata. Safi lakini mbichi.

Mwalimu akaisogelea. «Hii ni nini?»

«Nepi, Mwalimu.»

«Ya nani?»

Nikaonyesha chini ya meza. Kibonge akampungia mkono.

Nikasema yote, kwa pumzi moja, kama grenda limezimwa. Kamba, mlingoti, maji, saa nne, nepi kumi na nne. Nikatoa kikaratasi. Nikasema fundi hana kosa, na kwamba ngazi ile isingefungwa Mwalimu angepata shida lakini asingeganda. Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka tu. Madam alilisikia.

Madam akakigeuza kikaratasi, akatazama na nyuma yake.

Wa kwanza kusema ni Desibeli. Nilijua atanifokea, nikafumba macho.

«Dada, zilikuwa zimekamuliwa au hazikukamuliwa?»

Na akatoa kalamu!

Mwalimu akasema haamini. Yeye, aliyeimba mbele ya mabalozi, azibwe mdomo na nepi? Anataka aone. Basi ikaamuliwa: Mwalimu arudi kwake akahesabu taa, Desibeli apande paani na nepi zote, zote mbichi, aanike moja moja, mimi nikae katikati na simu nikiandika. Zote maana yake zote. Hata ile aliyoivaa Kibonge imevuliwa, ikachovywa, ikapelekwa juu. Daftari kubwa Desibeli kalichukua kukingia jua, kwa hiyo naandika humu humu:

Nepi moja — taa nane.
Nepi tatu — taa saba.
Nepi tano — taa sita. Mwalimu hasemi kitu, anahema tu kwenye simu.
Nepi saba — nne. «Mama yangu!» kasema Mwalimu.
Nepi tisa — mbili.

Desibeli anapiga kelele kutoka juu kwamba ni nzuri ajabu, kwamba katika maisha yake hajaona mteremko mzuri hivi. Mwalimu kaanza kucheka. Anacheka kwa ngazi za muziki, anapanda na kushuka.

Madam hajacheka. Hajasema nabaki, hajasema naondoka. Alitazama namba zangu muda mrefu. Akasema: «Wewe andika. Mtoto nipe mimi.»

Akampakata.

Nimemwambia, Madam, hana nepi.

Kasema: «Najua. Ziko kazini.»

Nepi kumi — taa moja.

Sketi nyeupe. Kibonge alikuwa anacheza na mkufu wake, sasa kauachia. Katulia. Midomo kaikunja, macho yanatazama mbali, ukutani, kupita ukuta. Huo utulivu naujua. Nanyoosha mkono kumchukua, Madam ananizuia, anasema subiri, mtoto ametulia hivi mara ya kwanza katika wiki mbili, usimsumbue.

«Sasa,» anasema, anamweka vizuri zaidi magotini, «kuhusu hii kazi yako —»